Tumehamisha kampeni ya The One Ring kwenda D&D toleo la 5, na nusura tuiue. Uzi mrefu kidogo

#1 Mzungusha Dadu (mtoa mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Najua jukwaa hili wengi ni wa gemu za simu na za runinga, ila wachache wa meza na dadu mpo humu, na huu uzi ni wenu. Kwa asiyejua: mmoja anakuwa msimulizi, waliobaki kila mtu ana mhusika wake. Unasema mhusika wako anafanya nini, unarusha dadu, msimulizi anakwambia kilichotokea. Hakuna mshindi. Hadithi moja mnaweza kuicheza miaka miwili, na sisi ndicho tulichofanya.

Tuko watano, kila Jumamosi usiku, sauti tu kwa Discord. Watatu Dar, mmoja Nakuru, mmoja Maskati. Hadithi yetu iko Middle-earth, ile dunia ya Tolkien, na kanuni tulizokuwa tunatumia ni za The One Ring, toleo la pili, la 2022. Mwaka huu wawili wakatoka. Mmoja kaoa, mwingine kahamishiwa zamu ya usiku. Wakaja wawili wapya, wanajua kuigiza hadi raha, ila wamekulia Dungeons & Dragons toleo la 5 na kitabu kingine hawasomi ng'o. Tukapiga kura: tuhamie D&D au tubaki? Nne kwa moja, tuhame. Huyo mmoja ni mimi. Na kwa kuwa mimi ndiye msimulizi, kazi ya kuhamisha ikaniangukia mimi niliyeikataa.

Kwanza niwaeleze kanuni zenyewe, maana bila hapo hamtanielewa. The One Ring unarusha dadu moja ya pande 12, kisha unaongeza dadu za kawaida, zile za ludo, kwa idadi ya ujuzi wako. Ujuzi 4, dadu nne. Unajumlisha, unatafuta kufikia namba fulani. Kwenye ile ya pande 12, 11 ni Jicho la Sauron (adui mkuu wa dunia hiyo) na linahesabiwa sifuri; 12 ni alama ya Gandalf (mkongwe wa upande wa wema), umefaulu hata kama nyingine zote zimelala. D&D ni dadu moja ya pande 20, ongeza namba yako, basi.

Mimi nikakaa usiku mmoja na daftari nikachora jedwali. Ujuzi 1, huna kitu. Ujuzi 2 na 3, una umahiri (namba unayoongeza kwenye dadu kwa kile ulichojifunza). Ujuzi 4 kwenda juu, umahiri maradufu. Uhai nikaupanga upya kwa ngazi ya 3. Silaha nikazitafutia wenzake. Kufika saa tisa usiku kila mhusika ana karatasi mpya, nikalala nimeridhika.

Jumamosi ya kwanza wametoka Bree kuelekea Rivendell. Siku ya nne mbwamwitu wakawararua, wawili wakabaki na uhai wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nikajisemea sawa, hii ndiyo safari niijuayo mimi, kuanzia hapa kila kilima kitawauma. Kijana mmoja mpya akaniambia kwa upole kabisa, "Tunalala." Saa nane za usingizi kwenye D&D zinarudisha uhai wote. Wote! Wameamka kama maharusi.

Asubuhi hiyohiyo yule mwingine mpya, ambaye fani yake ni mgambo (jina hili nitalirudia chini, msicheke kwanza), akatumia uchawi uitwao Goodberry. Huo unakupa vitunda kumi, na kila kimoja kinamshibisha mtu siku nzima. Sasa kwenye kundi letu kuna mchezaji ambaye kazi yake tangu mwanzo ni mwindaji wa msafara. Miaka miwili huyu ndiye anayelisha watu. Kimya kikatanda kwenye sauti, halafu nikamsikia: "Sasa mimi nawinda nini?"

Sikuwa na jibu. Tumecheza wiki nane hivyo. Vita vinakwenda vizuri, watu wanacheka, ila safari imekufa, na hadithi yetu yote ni safari.

Aliyewahi kuhamisha mchezo namna hii alianzia wapi? Shusheni nondo.

#2 Pwagu

Nimekaa paleee. Mimi wa ludo tu ila uzi huu nausoma hadi mwisho. Kumbe dadu ina pande 20?

#3 Nahodha254

Mtoa mada, pole, lakini unajenga nyumba iliyoshajengwa. The One Ring ilitoka 2011, na 2016 kampuni ileile, Cubicle 7, ikatoa Adventures in Middle-earth, yaani dunia hiyohiyo juu ya kanuni za D&D toleo la 5. Leseni ilipowatoka wao, Free League wakachukua, na 2023 wakatoa chao, The Lord of the Rings Roleplaying. Ni kitu kilekile unachokihangaikia, kimefanywa na watu wanaolipwa kufanya hivyo.

Na ukitazama walichofanya 2016 utaona hawakuanzia kwenye namba. Kwanza waliondoa fani zote za uchawi. Hakuna mtu wa vitunda. Pili, mkiwa njiani hamwezi kupata lile pumziko refu (ndiyo zile saa nane za usingizi) mpaka mfike mahali pa kimbilio, au msimulizi aone mahali penyewe panastahili. Tatu, kila mtu ana kazi yake safarini: kiongozi wa njia, mpelelezi, mwindaji, mlinzi. Kiongozi anarusha dadu ya pande 12 siku ya kuondoka, na ikitoka vibaya safari nzima inaanza na mguu mbaya.

Nunua kitabu, ndugu, ulale.

#4 Mzungusha Dadu

Mkuu Nahodha, kile cha 2016 nimekisoma kwa rafiki, ni kitabu kizuri sana. Lakini wangu hawa wawili wameshakuja na wahusika wao, na mmoja kaja na mtu wa nguvu za kiroho ambaye amemwandikia kurasa sita za historia. Sita! Nikimwambia fani yako haipo kwenye dunia hii nampoteza, na nikimpoteza tukabaki na wachezaji watatu tutaishia kusalimiana tu kila Jumamosi.

Kwa hiyo swali langu lina mipaka: D&D yenyewe ibaki ile wanayoijua, nibadilishe vitu vichache iwezekanavyo. Kama ni kimoja, kipi?

#5 Kobe Mzee

Vijana, huu ugonjwa ni wa zamani kuliko mnavyodhani.

Mwaka 2000 D&D ilipotoa toleo la 3, wenyewe Wizards of the Coast walifungulia kanuni zao kwa leseni ya wazi, kila mchapishaji akaruhusiwa kujenga juu yake. Kila mtu akakimbilia huko kama watu wa foleni ya sukari. Mchezo wa mabunduki wa Deadlands ukapata toleo la d20 (yaani la kanuni hizo za dadu ya pande 20) mwaka 2001. Hata Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha, ukavalishwa kanuni za D&D mwaka 2002. Hebu fikiria. Mchezo ambao uzima wake wote ni kwamba wewe ni mwalimu wa chuo au mwandishi wa gazeti, dhaifu, unakutana na kitu kisichopigika. Wakaupa ngazi. Mtu anaanza anaogopa mlango, anafika ngazi ya 10 anautafuta mlango auvunje.

Kilikuwa kitabu kizuri, sisemi hakikuwa. Ila ngazi zilikula hofu. Na mtoa mada, kwako usingizi umekula safari. Kila kanuni maarufu ina mdomo wake, na inapohamia nyumba mpya inakula kwanza kile ambacho mwenye nyumba hakukifungia kabatini.

Tiba ya bei rahisi ipo kwenye kitabu cha msimulizi cha 2014: pumziko fupi liwe saa nane, pumziko refu liwe siku saba. Jaribu hiyo.

#6 BintiMaskati

Mimi ndiye hobiti (mmoja wa wale watu wadogo wa Tolkien) wa kundi hilo, na mtoa mada kawaficha jambo.

Analia na usingizi, lakini mimi nilianza kuumia kabla hata hatujalala. Hobiti wangu kazi yake ni kunyata. Miaka miwili sijawahi kuonekana ovyo. Tumehamia D&D, usiku wa kwanza nimeonekana mara tatu, mara moja na mbuzi. Mbuzi! Nikadhani ni bahati mbaya. Jumapili nikakaa nikapiga hesabu.

The One Ring: ujuzi wangu wa kunyata ni 4, natakiwa kufikia 14. Dadu moja ya pande 12 na nne za ludo. Nafaulu asilimia 89.

D&D aliyonitengenezea yeye kwa jedwali lake la saa tisa usiku: nina +7, na kila kitu amekiweka 15 kwa sababu kitabu kinaita 15 ugumu wa wastani. Natakiwa nitoe 8 au zaidi. Asilimia 65.

Yaani mtu aliyekuwa anakosea mara moja kwa tisa sasa anakosea mara moja kwa tatu, halafu ninaambiwa "mhusika wako ni yuleyule". Si yuleyule. Huyu ni binamu yake mlevi.

#7 Mzungusha Dadu

Dada, ungeniambia Jumapili hiyohiyo badala ya kunisubiri jukwaani mbele za watu 😅

Lakini una haki. Nimerudia hesabu nikapata hivyohivyo. Sasa kwa jambo la kawaida nimeshusha kutoka 15 kwenda 10. Kwa +7 unahitaji 3 au zaidi, ni asilimia 90. Hapo nimekurudishia hobiti wako. 15 nitaiacha kwa mambo magumu kweli, kunyata mbele ya mtu anayekutafuta.

#8 BintiMaskati

Asante. Lakini sijamaliza.

Kuna kitu kingine kwenye hesabu yangu na ndicho kilichonifanya nichelewe kulala hadi saa nane usiku. The One Ring ukiwa hoi (pumzi yako imeshuka hadi kufikia uzito wa mizigo uliyobeba), dadu za ludo zikionyesha 1, 2 au 3 zinahesabiwa sifuri. Nikapiga upya nikiwa hoi: kutoka asilimia 89 naangukia 63. Ndiyo maana tulikuwa tunaogopa mizigo! Mnakumbuka tulivyogombana kuhusu ile ngao, nani aibebe?

D&D mpaka sasa ngao haijagombaniwa na mtu.

#9 Kobe Mzee

Binti umesema neno. D&D nayo ina uchovu wake, na hausubiri kugunduliwa. Kwenye kanuni za 2014 una hatua sita. Hatua ya kwanza, kila ukijaribu jambo la ujuzi unarusha dadu mbili unachukua ndogo. Ya tatu, hata kupigana. Ya sita umekufa. Kanuni za 2024 zimerahisisha: kila hatua unapunguza 2 kwenye kila kurusha, na kasi inapungua. Mpe msafiri hatua moja kila siku mbaya, na usimwondolee mpaka afike kimbilio. Kazi imekwisha.

#10 Mzungusha Dadu

Mzee Kobe, tumeijaribu Jumamosi iliyopita, ile ya 2024. Ilisaidia, siwezi kudanganya. Lakini kulikuwa na kitu hakikai sawa na sikuweza kukitaja hadi jana nikiwa kwenye daladala.

Tazameni. Kwenye The One Ring kuwa hoi hakuigusi ile dadu ya pande 12. Jicho liko palepale, Gandalf yuko palepale. Kinacholiwa ni dadu za ludo, na dadu za ludo ndizo ujuzi wako. Mwenye ujuzi 4 anaumia sana. Mwenye ujuzi sifuri, anayetegemea pande 12 tu, haumii hata kidogo: hakuwa na kitu cha kuliwa. Mchezo unasema kwamba mtu aliyechoka bahati yake haibadiliki, anasahau anachokijua. Na mimi nakiamini hicho. Nimewahi kuendesha gari kutoka Mbeya hadi Dar kwa siku moja. Kibaha kwenda mbele nilikuwa naendesha kama mtu wa leseni ya wiki iliyopita.

D&D uchovu wake unakula dadu. Unamkata bingwa na mbumbumbu sawasawa.

Kwa hiyo kanuni ninayotaka kuijaribu Jumamosi ni moja tu: ukiwa hoi, huongezi umahiri wako. Dadu ya pande 20 unarusha kama kawaida, unaongeza uwezo wa kuzaliwa nao (nguvu, wepesi, busara), lakini kile ulichojifunza kimeondoka. Hobiti mwenye +7 anabaki na +3. Kwa kizingiti cha 10 anatoka asilimia 90 hadi 70. Si 63, ila tuko mtaa uleule.

Na uhoi hautoki kwa kulala. Uhai lalieni, urudi wote kama kitabu kinavyosema, sitawanyima. Uhoi unatoka kwenye kimbilio peke yake.

#11 Nahodha254

Sasa hiyo nimeipenda, na naomba niibe. Vijana wako wa D&D hawana la kulalamikia kwa sababu hujawanyang'anya usingizi.

Swali: nguvu za kiroho je? Huyo wa kurasa sita akiwa hoi?

#12 Mzungusha Dadu

Umahiri umo kwenye hesabu ya mashambulizi yake na kwenye ugumu wa kuzikwepa nguvu zake, kwa hiyo naye analiwa humohumo. Sijaongeza kitu. Hapo ndipo nilipojua huenda nimepatia.

Vitunda navyo nimevipa jibu: vinashibisha kama kawaida, ila usiku uliovitumia haukupunguzii hatari ya kuwa hoi. Mlo ulioupata kwa mwindaji ndio unaokupa nafasi ya kurusha tena. Mtu hachoki kwa njaa tu, anachoka kwa kukosa kitu cha moto tumboni. Mwindaji wetu kasikia hivyo akacheka peke yake kwa muda mrefu.

#13 Asali Chungu

Nimesoma mwanzo hadi hapa. Naomba kuuliza swali la kijinga. Mnahesabu asilimia, mnapindua uchovu, mnajadili vitunda, ili D&D iwe kama The One Ring. The One Ring ipo. Mnayo. Mmeinunua. Kwa nini msiwafundishe hao wawili? Kanuni zenyewe umezieleza kwa mistari minne kwenye #1 na hata Pwagu wa ludo ameelewa.

#14 Pwagu

Nathibitisha. Nimeelewa. Na kwa The One Ring dadu za ludo ninazo tayari, nakosa ile moja tu.

#15 Mzungusha Dadu

Asali, swali lako si la kijinga, na ndilo nililosema siku ya kura. Jibu la kweli ni kwamba watu hawakatai kanuni, wanakataa kuwa wageni. Hawa vijana kwenye D&D ni mafundi, wanajua nini cha kufanya zamu yao ikifika, wanafundisha hata sisi. Nikiwarudisha darasa la kwanza wanakaa kimya. Nimewajaribu jioni moja, walikuwa kama watu waliokwenda harusini bila kumjua bwana wala bibi.

Pwagu, dadu ya pande 12 usiitafute dukani, utazeeka. Chukua karata za kopa: ree hadi 10, jeki na malkia. Jeki ni Jicho, malkia ni Gandalf. Unachanganya, unafungua moja, unairudisha. Tulicheza hivyo miezi mitatu kabla mtu hajatuletea dadu za kweli kutoka safari. Ya pande 20 nayo ni hivyohivyo: kopa kumi na shupaza kumi, nyeusi unaongeza 10.

#16 Kobe Mzee

Uliahidi kurudi kwenye neno mgambo.

#17 Mzungusha Dadu

Ah. Hili ni la lugha na lingestahili uzi wake.

Kuhama kulitulazimisha kutafsiri upya, maana tunacheza kwa Kiswahili na maneno ya D&D ni mengi kuliko ya The One Ring. Ile fani ya mtu wa porini, mfuatilia nyayo, mlinzi wa mipaka, nikaiita mgambo. Siku ya kwanza kila akisema "mgambo wangu anatokea kichakani" wenzake wanatupa bidhaa na kukimbia. Hakuna aliyemwona mtu wa msituni. Wote wamemwona yule anayefukuza wamachinga. Tukajaribu askari wanyamapori, likawa refu. Tumerudi kwa mgambo, utani umeshakuwa sehemu ya mhusika.

Elf naye, jamii nyingine ya dunia ya Tolkien. Tulianza na "elfu", wingi "maelfu". Nikasema "elfu watatu wanakuja kutoka msituni", mmoja akauliza jeshi la watu elfu tatu tutapambana nalo vipi. Tukaacha, tunasema Elf. Dwarf, wale wafupi wa kuchimba migodi, kuna aliyependekeza mbilikimo, nikakataa papo hapo: hilo ni neno walilobandikwa watu walio hai, na huwa halisemwi kwa heshima. Tunasema wachimbaji.

Ambalo nimelipenda zaidi ni lile la dadu mbili. D&D kuna wakati unarusha mbili unachukua kubwa, kuna wakati unachukua ndogo. Sisi tunasema una nyota au una mkosi. Hakuna aliyewahi kuuliza maana yake.

#18 BintiMaskati

Ongeza la mchawi. Kitabu cha D&D kina mtu msomi, ana maktaba, anarusha moto, mtu mwema tu. Ukimwita mchawi kwa Kiswahili umeshamhukumu. Mchawi hasomi maktaba, mchawi anakuja usiku. Tumemwita mganga, nayo haikukaa, mganga anatibu. Mwisho kwenye kundi tumekubaliana hivi: anayetumia nguvu kwa wema ni mganga, siku akizitumia vibaya msimulizi anaanza kumwita mchawi bila kutangaza. Yule wa kurasa sita aliitwa mchawi mara moja tu, baada ya kumtisha mtoto ili aseme ukweli. Alinyamaza kipindi kizima.

Kitu hicho The One Ring inakiita Kivuli na ina alama zake za kuhesabu. Sisi neno moja linatosha.

#19 Nahodha254

Hiyo ya mchawi bana imenikalisha chini.

Kuna anayejua kama mnaweza kuyaweka hayo maneno pamoja, kamusi na kanuni kwa Kiswahili, mkayatoa hadharani? Au ni kesi?

#20 Kobe Mzee

Inategemea unatoa nini. Januari 2023 rasimu ya leseni mpya ya D&D ilivuja, yenye masharti ya kubana, wachapishaji na wachezaji wakawaka dunia nzima. Kabla mwezi haujaisha, tarehe 27, Wizards wakarudi nyuma na kuziweka kanuni za msingi, SRD 5.1, chini ya Creative Commons, leseni inayotaka umtaje mwenyewe tu. Mwaka 2025 wakaongeza 5.2 kwa kanuni mpya. Hiyo hairudishwi mfukoni. Kwa hiyo nyota, mkosi, umahiri, mganga, kanuni za msingi zote kwa Kiswahili, hata kuuza mnaruhusiwa, ilimradi mtaje mlikozitoa.

Lakini Rivendell, hobiti, Gandalf, hayo yana wenyewe. Haki za kutengeneza michezo ya Middle-earth ziko mkononi mwa kampuni tangu zamani, na 2022 kampuni hiyo ilinunuliwa na Embracer Group. Mezani kwenu chezeni mtakavyo. Faili la kupakua lenye majina hayo msiweke hapa, mtawatafutia wasimamizi wa jukwaa matatizo. Kanuni yenu ya hoi haitaji jina la mtu, iwekeni.

#21 Mzungusha Dadu

Mrejesho wa Jumamosi, kama nilivyoahidi.

Wamefika Daraja la Mwisho, lile la juu ya mto Mitheithel, siku ya saba ya mvua. Watatu kati ya wanne walikuwa hoi. Uhai wao ulikuwa umejaa kabisa, wamelala kila usiku, kitabu kimefuatwa. Ng'ambo ya daraja kuna moto na sauti mbili nzito zinagombana kuhusu chungu. Wanaojua hadithi za huko wanajua ni nani hukaa milima ile.

Hobiti akasema anavuka kuangalia. Kunyata, kizingiti 10. Akarusha: 6. Miezi miwili iliyopita angesema "kumi na tatu" na tungeendelea. Nikamsikia anahesabu taratibu. "Sita... na tatu. Tisa." Halafu, kwa sauti ya chini, "Jiwe limeteleza, si ndiyo?"

Jiwe limeteleza.

Vita vyenyewe sitavieleza, walinusurika kwa kukimbia, na ngao imebaki mtoni. Nataka kueleza kilichofuata. Wako chini ya mti, mvua inanyesha, uhai utarudi asubuhi na wote wanajua. Yule kijana wa vitunda, ambaye tangu aje hajawahi kuniuliza chochote kuhusu ramani, akaniuliza: "Msimulizi, hadi Rivendell zimebaki siku ngapi?"

Nikamwambia sita, kama mvua itakatika.

Akanyamaza. Kisha akamgeukia mwindaji: "Kesho tukiamka mapema, tunaweza kupata hata sungura?"

#22 BintiMaskati

Ngao ilikuwa yangu.

#23 Pwagu

Wakuu nimepata karata. Jeki mmoja amepotea, naweza kuweka jokari awe Jicho?

#24 Mzungusha Dadu

Weka. Jokari anafaa hata zaidi.